Walifunga milango, funguo zikabaki kwa kampuni

Jumatatu ya Juni 12, 2023, mtu aliyetafuta kwenye Google namna ya kuua kunguni au kurekebisha printa, kisha akabofya jibu lililoko Reddit, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikuta pamefungwa. Jumuiya zaidi ya 7,000 za jukwaa hilo, baadhi zikiwa na wanachama wanaozidi milioni 30, zilikuwa zimejigeuza za faragha kwa mpigo. Kufunga huko kwa pamoja kuliilemea mitambo ya Reddit hadi jukwaa zima likazimika kwa muda. Waliofanya hivyo walikuwa wasimamizi wa kujitolea, watu ambao kampuni haiwalipi hata senti.

Habari hii iliandikwa sana kama ugomvi wa bei ya kitu cha kiufundi, na wengi wakaipita. Bei ilikuwepo, nitaieleza. Kinachonivuta mimi ni swali lililo chini yake: mtu anayefanya kazi bure anagomaje? Mfanyakazi wa kiwandani akigoma, mashine husimama na tajiri huhesabu hasara. Asiyekuwa na mshahara, mkataba wala chama ana nini mkononi cha kumfanya bosi akae mezani? Mwezi ule ule wa Juni kulikuwa na migomo miwili ya aina hii, kwenye majukwaa mawili tofauti. Mmoja ulipigiwa kelele dunia nzima ukashindwa. Wa pili haukusikika sana, na ukapata sehemu kubwa ya ulichodai.

Kazi isiyo na mshahara

Reddit ilianzishwa Marekani mwaka 2005 na Steve Huffman na Alexis Ohanian. Tangu 2008 mtumiaji yeyote anaweza kufungua jumuiya yake, iwe ya mapishi, ya soka, ya wagonjwa wa kisukari au ya picha za paka. Anayeifungua ndiye msimamizi wake. Anaandika kanuni, anateua wasaidizi, anafuta posti na kuwafungia wakorofi. Kama umewahi kuwa admini wa grupu la WhatsApp la kamati ya harusi, robo ya kazi hii unaijua. Robo tatu zilizobaki ni matapeli wa sarafu za kidijitali wanaoingia kwa makumi kila saa, matusi ya ubaguzi, picha za uchi za watu wasiojua kwamba zimesambazwa, na kijana anayeandika saa nane usiku kwamba hataki kuishi tena.

Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Northwestern na Minnesota walijaribu kuipima kazi hiyo. Walikadiria kuwa wasimamizi wa Reddit kwa pamoja hufanya kazi angalau saa 466 kila siku, na kwamba kwa ujira wa dola 20 kwa saa kazi hiyo ina thamani ya dola milioni 3.4 kwa mwaka. Wao wenyewe walisema ni makadirio ya chini. Kumbukumbu za mfumo huonyesha posti iliyofutwa. Hazionyeshi nusu saa ambayo wasimamizi watatu wamebishana kama ifutwe au iachwe.

Kwa miaka mingi vifaa ambavyo kampuni iliwapa kwa kazi hii vilikuwa duni. Programu rasmi ya simu ilitoka mwaka 2016, jukwaa likiwa linakaribia miaka kumi na moja. Pengo lilizibwa na watu wa nje. Christian Selig, mtengenezaji programu wa Kanada, alitoa Apollo mwaka 2017 kwa watumiaji wa iPhone. Wa Android walikuwa na RIF na Sync. Wasimamizi nao walijitengenezea boti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, za kunusa spamu na kuhesabu makosa ya mtu mmoja mmoja. Vyote hivi vilipita kwenye API, yaani mlango ambao programu ya nje huutumia kuomba posti na maoni kutoka kwenye kompyuta za Reddit bila mtu kufungua tovuti yenyewe. Mlango huo ulikuwa bure.

Bei

Aprili 18, 2023, Reddit ilitangaza kuwa itaanza kutoza. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kampuni za akili bandia zilikuwa zimekomba miaka mingi ya mazungumzo ya watu kupitia mlango huo huo, zikayatumia kufundishia mashine zao, na Reddit haikuambulia kitu. Huffman, ambaye ni mkurugenzi mkuu, alisema hadharani kwamba haoni sababu ya kuzigawia bure kampuni kubwa kuliko zote duniani mali yenye thamani hiyo. Jambo lingine, ambalo kila mtu aliliona, ni kwamba kampuni ilikuwa inajiandaa kuuza hisa sokoni, na wanunuzi wa hisa hupenda kuona kila mlango una mtu wa kukusanya kiingilio.

Kiwango kilijulikana Mei 31: dola 12,000 kwa kila maombi milioni 50. Selig alipiga hesabu. Mwezi mmoja Apollo ilikuwa imetuma maombi bilioni 7, kwa hiyo kwa mwaka angedaiwa karibu dola milioni 20. Alitoa na mfano wa Imgur, tovuti ya kuhifadhia picha, iliyokuwa ikimtoza dola 166 kwa idadi ile ile ya maombi. Tozo zilikuwa zianze Julai 1, mwezi mmoja tu baadaye. Juni 8 akatangaza kwamba Apollo itafungwa mwisho wa mwezi, na RIF na Sync zikatangaza vivyo hivyo.

Kundi lililoumizwa kuliko yote halikuzungumziwa inavyostahili. Jumuiya ya wasioona, r/Blind, ina wasimamizi ambao wenyewe hawaoni. Wanasikiliza simu kwa programu inayosoma maandishi kwa sauti, na programu rasmi ya Reddit haikuelewana vizuri na programu hizo, hasa sehemu zake za usimamizi. Apollo na wenzake zilikuwa zimelishughulikia tatizo hilo, tena bila kusukumwa na mtu. Baada ya kelele, kampuni iliziachia bila malipo programu chache zisizo za biashara zinazowasaidia watu wenye ulemavu. Ilikuwa afueni, ila iliacha swali: kampuni yenye mamia ya wahandisi ilikuwa wapi miaka yote hiyo?

Halafu heshima ikavunjika. Ilisemwa kutoka upande wa uongozi kwamba Selig aliitishia kampuni akitaka dola milioni 10. Selig alikuwa amerekodi mazungumzo ya simu, akayatoa. Ndani yake anasikika mwakilishi wa kampuni akikiri kuwa alimwelewa vibaya na kumwomba radhi. Siku iliyofuata Huffman alikaa kujibu maswali ya watumiaji, akajibu machache na maelfu yakabaki. Mpaka hapo wasimamizi wengi ambao hata Apollo hawakuitumia walikuwa wameshaamua kufunga.

Siku mbili

Mgomo ulitangazwa kuwa wa saa 48, kuanzia Juni 12 hadi 14. Nadhani hapo ndipo uliposhindwa, kabla hata haujaanza. Ukimwambia tajiri kwamba utagoma mpaka Jumatano, umeshampangia siku ya kuacha kuhangaika. Na kweli, waraka wa Huffman kwa wafanyakazi wake, uliovuja na kuchapishwa na The Verge, ulisema kwa utulivu kwamba kelele hizi nazo zitapita kama zilivyopita nyingine zote, na kwamba mapato hayajaguswa sana. Aliwashauri pia wasivae nguo zenye nembo ya Reddit mitaani kwa siku hizo, wasije wakakutana na mwenye hasira.

Jumuiya zilizofungwa zilizidi 8,000 kabla muda haujaisha. Nyingi zilifungua siku ya tatu. Zilizoendelea kufunga bila kikomo zilianza kupokea ujumbe kutoka kwa akaunti ya kampuni inayosimamia mwenendo wa wasimamizi: fungueni, la sivyo tutatafuta wengine walio tayari kuifanya kazi hii. Akihojiwa na NBC wiki hiyo hiyo, Huffman aliwafananisha wasimamizi na makabaila wanaokalia ardhi kwa kuwa tu walifika wa kwanza, akasema anafikiria kubadili kanuni ili watumiaji waweze kuwaondoa kwa kura. Kauli hiyo ilitoka kwa mkuu wa kampuni yenye thamani ya mabilioni ya dola, kwa watu wanaofanya kazi yake bure.

Inachekesha, lakini tusiipuuze. Reddit haina uchaguzi. Aliyesajili jina la jumuiya mwaka 2009 anaweza kulikalia mpaka leo, na wapo wasimamizi ambao kila aliyewahi kubishana nao anajua walivyo wadogo wa roho. Baadhi ya jumuiya ziliwapigisha kura wanachama kabla ya kufunga. Nyingine hazikuuliza mtu. Mama aliyezoea kuingia kwenye jumuiya ya wazazi wa watoto wenye ugonjwa adimu alikuta imefungwa, na hasira yake hakuielekeza kwa Huffman. Kampuni ililiona pengo hilo kati ya wasimamizi na watumiaji wa kawaida, ikapita katikati yake.

Upinzani uliobaki uligeuka vichekesho. Wanachama wa r/pics, jumuiya ya picha za kila aina, walipiga kura kwamba kuanzia sasa ziruhusiwe picha za John Oliver peke yake, yule mchekeshaji wa televisheni. Oliver mwenyewe alifurahi, akawarushia picha zake za ajabu ajabu waendelee. Wengine walikuwa wakali zaidi: waliziwekea jumuiya zao alama ya maudhui ya watu wazima, kwa sababu Reddit haiweki matangazo kwenye kurasa za namna hiyo. Hapo kampuni haikucheka tena. Katika baadhi ya jumuiya zilizofanya hivyo, timu za wasimamizi ziliondolewa. Kuigusa pesa kuliwagharimu kuliko siku zote walizofunga.

Kuna jambo ambalo Huffman bila shaka alilikumbuka. Julai 2015, Reddit ilimwachisha kazi Victoria Taylor, mfanyakazi aliyekuwa akiratibu mahojiano ya watu mashuhuri kwenye r/IAmA, bila kuwaarifu wasimamizi waliomtegemea kila siku. Jumuiya hiyo ilifungwa siku ile ile, mamia zikafuata. Mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Ellen Pao, aliomba radhi, na baada ya siku chache akajiuzulu. Aliyeitwa kushika nafasi yake ni Huffman, aliyekuwa ameondoka mwaka 2009. Pao alikuwa na maadui wengine wengi, kwa hiyo sidhani mgomo peke yake ulimwangusha. Ila mtu aliyerudi kwenye kiti kwa wimbi la namna hiyo alikuwa amejifunza kwamba likija tena, asitikisike.

Mgomo wa pili

Wiki moja kabla ya Reddit kufungwa, Juni 5, 2023, wasimamizi wa Stack Exchange, mtandao wa tovuti za maswali na majibu, waliweka kazi chini. Kama si mtaalamu wa kompyuta huenda jina hilo hulijui, lakini benki yako, simu yako na mfumo wa tiketi zako vimeandikwa na watu waliopata majibu kwenye Stack Overflow, tovuti yake kubwa kuliko zote. Prosus ya Uholanzi, ambayo ni tawi la Naspers ya Afrika Kusini, iliinunua kampuni hiyo mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.8.

Pale hoja ya makabaila isingesimama: wasimamizi huchaguliwa kwa kura za watumiaji. Chanzo cha ugomvi kilikuwa ChatGPT. Ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2022, watu walianza kunakili majibu yake na kuyamwaga Stack Overflow ili wapate pointi. Yalikuwa majibu yenye lugha safi na uhakika mwingi, na mengi yalikuwa na makosa. Ndani ya siku chache jukwaa likayapiga marufuku. Kisha mwishoni mwa Mei 2023 uongozi ukawageuka wasimamizi: wasimfungie mtu wala kufuta jibu kwa kushuku tu kwamba limeandikwa na mashine, kwa sababu vifaa vya kutambua maandishi ya mashine hukosea na watumiaji wema wanaonewa. Hoja ya vifaa ilikuwa ya kweli. Wasimamizi walijibu kwamba wao hawategemei vifaa peke yake, na kwamba maelekezo waliyopewa faraghani yalikuwa makali kuliko yaliyotangazwa hadharani, kwa hiyo hawangeweza hata kujitetea mbele ya watumiaji.

Hawakufunga chochote. Waliacha tu kufanya kazi. Ripoti za watumiaji zikalundikana bila kushughulikiwa, maswali yaliyojirudia hayakufungwa. Kikundi cha kujitolea kiitwacho Charcoal kilizima boti yake ya kukamata spamu, SmokeDetector, ambayo kwa miaka ilikuwa imefanya kazi kimya kimya kiasi kwamba wengi walidhani ni ya kampuni. Wagomaji waliteua wawakilishi wa kuzungumza na uongozi, wakaandika madai yao wazi, na hawakuweka tarehe ya mwisho. Agosti 7, 2023, miezi miwili baadaye, wakatangaza kuumaliza. Kampuni ilikuwa imekubali wasimamizi waendelee kuondoa majibu ya mashine kwa kufuata vigezo vilivyoafikiwa, na iendelee kutoa nakala ya maswali na majibu ambayo umma unaweza kupakua.

Sitaki kuupamba ushindi huo. Mei 2024 Stack Overflow iliingia mkataba na OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, na watumiaji waliojaribu kufuta majibu yao wenyewe kupinga jambo hilo walifungiwa akaunti kwa muda. Hata hivyo tofauti ya njia inaonekana. Msimamizi wa Reddit aliyeifunga jumuiya yake alitumia kitufe alichopewa na kampuni, na anayekupa kitufe anaweza kukunyang'anya. Tena jumuiya ikishafungwa haihitaji usimamizi, hivyo kampuni haikuiona taka ambayo ingerundikana. Wa Stack waliacha milango wazi na taka ziingie. Kampuni haikuwa na kitufe cha kuwalazimisha watu wengine wajue Python, lugha ya kuandikia programu, wala haikuwa na watu wengine elfu wenye ujuzi huo wanaosubiri kuziba nafasi zao bila malipo.

Reddit nayo ilikuwa na watu wa aina hiyo. Kwenye r/AskHistorians wasimamizi wengi wamesomea historia, na hufuta bila huruma jibu lisilo na undani. Kuwabadilisha hao si sawa na kubadilisha wasimamizi wa picha za paka. Lakini mgomo uliwaweka wote kwenye kapu moja, wenye ujuzi adimu na wasio nao, na kampuni ikashughulika na walio rahisi kwanza.

Sheria iko wapi?

Mtu atauliza kwa nini wasimamizi hawa hawaendi mahakamani. Waliwahi. Miaka ya 1990 kampuni ya AOL ilikuwa na maelfu ya viongozi wa jumuiya wa kujitolea waliosimamia vyumba vya mazungumzo. Walipewa zamu, walijaza ripoti za kazi, na shukrani yao ilikuwa kupunguziwa ada ya intaneti wakati ambapo ilitozwa kwa saa. Mwaka 1999 baadhi yao walifungua kesi New York wakidai kwamba huo ulikuwa uajiri na walistahili kima cha chini cha mshahara. Ilichukua takriban miaka kumi kufikia suluhu ya dola milioni 15.

Ukiangalia namna majukwaa ya leo yanavyojiendesha, funzo waliloondoka nalo linaonekana: usimpangie mtu wa kujitolea zamu, usimpe chochote kinachofanana na ujira, na uandike kwenye masharti kwamba nafasi yake ni ya hiari na si rasmi. Masharti ya Reddit yanasema hivyo.

Linganisha na Nairobi. Mei 1, 2023, mwezi mmoja kabla ya haya yote, zaidi ya wafanyakazi 150 wanaochuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT kupitia kampuni za kati walipiga kura kuanzisha chama chao. Wengine walikuwa wameshaishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, na Sama, mojawapo ya kampuni hizo za kati, kwenye mahakama ya kazi ya Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Hali yao ni mbaya kuliko ya msimamizi yeyote wa Reddit. Walichokuwa wakikitazama kutwa nzima ni mauaji na ubakaji, kwa mshahara mdogo. Lakini walikuwa na karatasi iliyosainiwa, na karatasi hiyo ikawapa mahali pa kuanzia. Wa Reddit hawana, na wengi wao hawaitaki: wakiajiriwa, jumuiya waliyoijenga itakuwa ya mwajiri moja kwa moja.

Baada ya kelele

Februari 2024 ilijulikana kwamba Google itailipa Reddit karibu dola milioni 60 kwa mwaka kwa haki ya kutumia mazungumzo ya watu wake kufundishia akili bandia. Machi 21 hisa zikaingia soko la New York kwa dola 34 kila moja, na jioni ya siku hiyo zilikuwa zimefika dola 50. Nyaraka zilizotolewa kwa wawekezaji zilionyesha kwamba malipo ya Huffman kwa mwaka 2023, mengi yakiwa ya hisa, yalikuwa na thamani ya dola milioni 193. Wasimamizi na watumiaji hai walipewa nafasi ya kununua hisa kwa bei ya mwanzo, kwa pesa zao wenyewe. Nyaraka hizo hizo zilisema wasimamizi zaidi ya 60,000 huwa kazini kila siku, na ziliwatahadharisha wawekezaji kwamba biashara nzima inawategemea.

Septemba 30, 2024, kampuni ilibadilisha utaratibu. Sasa msimamizi anayetaka kuifanya jumuiya yake ya faragha, au kuigeuza kuwa ya watu wazima, lazima apeleke ombi na lipitishwe na Reddit. Njia zote mbili zilizotumika Juni 2023 zimezibwa. Iliyobaki ni ile ya Stack, ya kuacha foleni ya ripoti ijae, na hiyo itawataka watu wavumilie kuiona jumuiya waliyoilea kwa miaka ikioza mbele ya macho yao kwa wiki kadhaa. Juni 2023 wengi wao walifungua milango siku ya tatu kwa sababu hiyo hiyo: waliipenda kuliko walivyomchukia Huffman.